Mwali wa Mwamina

Mwamina alivunjika mifupa yote miwili ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo. Bodaboda ilimwangusha njia ya Naipingo akitoka kuokota korosho.

Hospitali, huko Ruangwa, walimpasua, wakaunga kila mfupa kwa kipande cha chuma na skrubu sita.

"Mama, chuma hakiponyi," daktari alimwambia. "Kinashikilia tu, mfupa ujiponye wenyewe. Miezi mitatu usinyanyue kitu kinachozidi kikombe cha chai."

"Na mtu je?"

Daktari akacheka. Alidhani ni utani.

Wiki ya saba wali walikuwa wanatoka unyagoni. Samia, binti wa dada yake Ashura, alikuwa mwali wake. Mwamina ndiye somo, kungwi wake, na somo humbeba mwali wake mabegani mpaka uani kwa mama yake. Ahadi hiyo Mwamina aliitoa tangu Samia akiwa bado ananyonya.

"Shoga, nimbebe mimi," alisema jirani yake Asmaa. "Mkono wenyewe una skrubu kama baiskeli. Utatuchomokea njiani."

"Wewe mgongo wako umezoea kubeba umbea. Mtoto wa watu utamweza?"

Wanawake wakaangua kicheko. Ashura hakucheka.

"Mdogo wangu, acha. Akitembea pia atafika."

"Atembee kama anakwenda kisimani? Dada, kilichovunjika ni mfupa. Sasa nina chuma. Chuma unakijua wewe?"

Akachuchumaa. Samia akapanda, kanga mpya, shanga shingoni, macho chini kama alivyofundishwa. Ashura akatangulia nyumbani kumpokea. Ngoma ikalia. Mwamina akainuka naye, kamshika miguu kwa mikono yote miwili, akaanza kwenda kwa mdundo.

Karibu na ua Samia akayumba. Mwamina akamkaza kwa mkono wa kulia, na ndani ya mkono kitu kikalia ko, kama muhogo mkavu unaovunjwa. Ngoma ikakifunika. Hakumtua. Alikwenda naye hivyohivyo, meno yameumana, mpaka mkekani, akamshusha taratibu mbele ya mama yake. Vigelegele vikapanda. Ashura alipogeuka kumshukuru, aliukuta mkono umepinda kama upinde.

"Yallah, Mwamina! Umefanya nini?"

"Nimemfikisha," alisema, akaanguka.

Ruangwa walikuta chuma kimoja kimepinda, cha pili skrubu zimeng'oka. Wakaweka vingine. Kidonda kikatunga usaha, wakafungua tena, wakavitoa vyote. Mifupa ikaja kuunga imepinda, imeshikana, haizunguki tena.

Gharama yake ni hii. Kupasuliwa mara tatu. Vyuma vinne, skrubu ishirini na nne. Msimu mmoja wa ufuta usiopandwa. Mkono usioweza kushika jembe wala mchi. Na kiganja kimoja: watu wakiinua mikono kuomba dua, cha kushoto chake hutazama juu, cha kulia hutazama chini.