Bakuli Lililosafishwa

"Nimelisafisha, sikulivunja!" Chizuru alifoka.

"Afadhali ungelivunja," alijibu kaka yake, Masaomi. "Lililovunjika huungwa. Hili utalifanyaje?"

Bakuli la chai la marehemu mama yao lilikuwa mezani, jeupe kama maziwa. Siku arobaini na tisa za msiba, kwa desturi yao, zilikwisha juzi, na leo walikuwa wamemwita mthamini. Chizuru hakutaka mgeni aone uchafu wa mama yake. Jana alililoweka kwenye dawa ya madoa kutwa nzima, akalisugua na kulisuuza, akaridhika.

Mzee Uragami, mthamini wa vyombo vya udongo vya mji wa Hagi, alipiga magoti kwanza mbele ya picha ya marehemu. Kisha akaligeuza bakuli, akapapasa kitako chake.

"Ni la kweli, binti. Lina miaka mia mbili. Ila nililiona kwa mama yako mwaka juzi. Lilikuwa na rangi ya asali."

"Yalikuwa madoa, mzee."

"Ilikuwa chai. Udongo wetu hunywa. Bibi yako alilinywesha kila asubuhi, mama yako naye vivyo hivyo. Rangi ile ndiyo niliyokuja kuithamini."

"Kazi ya miaka yote hiyo, dada yangu kaimaliza kwa chupa moja ya dawa," Masaomi alisema. "Sasa bei gani?"

"Robo ya bei ya jana."

"Lichukue leo leo, mzee, kabla hajalipaka rangi."

Chizuru alilivuta bakuli karibu yake, machozi yakimlengalenga. Mazikoni hakulia, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu mmoja asimamie chakula cha wageni.

"Rangi inaweza kurudi?"

"Kwa kulinywea tu. Kila siku. Labda miaka thelathini."

Chizuru alikuwa na miaka hamsini na mbili.

"Kaka, chukua shamba lote la michungwa alilotuachia mama. Bakuli liwe langu. Mzee ni shahidi."

"Dada, umepagawa? Bakuli tupu kwa shamba zima?"

Chizuru alikuwa ameshainuka kuchemsha maji. Alitia unga wa chai bakulini, akamimina maji, akaikoroga kwa kipigio cha mwanzi cha mama yake mpaka ikatoa povu. Udongo uliooshwa, usio tena na chai ya zamani ya kuziba nyufa zake, haukuweza kuizuia. Chai ilipenya kwenye nyufa nyembamba, ikamlowesha viganja, ikachuruzika hadi kwenye viwiko.

Chizuru hakuliweka chini. Alilikumbatia kwa mikono miwili, akanywa.