Misumari Mdomoni

Siku ya kwanza tulimdanganya vizuri sana. Alikuja na mkoba, kalamu tatu na fomu yenye maswali arobaini na mawili, akatueleza kwamba yeye ni wa chuo kikuu, anasomea watu na namna wanavyoishi, na kwamba atakaa nasi mwaka mzima hapa karakana ajue ufundi wa makochi unapitaje kutoka mkono hadi mkono. Mafundi tulikuwa sita. Tukatazamana. Dunia imenifunza kwa makofi yake kwamba mtu akija na fomu, ama amekuja kukuhesabu au amekuja kukupunguza. Mpe kitu cha kuandika, aende zake.

Basi tukampa. Fundi wetu wa mbao tunamwita Redio. Tangu azaliwe hajanyamaza ila akilala, na hata hapo mkewe ana mashaka. Redio akamwambia kwamba hapa hakuna anayekata kitambaa kabla hajalizunguka kochi mara tatu.

"Mara tatu?"

"Tatu, dada. Kulia kwenda kushoto. Ukikosea, spring zinalia usiku kwa mteja."

Akaandika. Mimi nikatia chumvi, nikasema mwanamke anazunguka mara nne. Hilo nalo akaliandika. Mpaka mchana tulikuwa tumeshambatiza jina la fomu yake: Dodoso.

Wiki ilipoisha akaja kusimama katikati ya karakana. "Nimekaa siku sita," akasema, "sijaona mtu hata mmoja akizunguka kochi."

Tukacheka mpaka Redio akakosa maneno, jambo la kihistoria. Dodoso naye akacheka, kisha akafungua daftari.

"Sasa unaandika nini tena?"

"Naandika kwamba hapa mgeni anapokewa kwa kupimwa akili." Fomu zikaingia mkobani, na sikuziona tena. Akaomba kazi.

Tukampa kazi ya kufagia vipande vya sponji mwezi mzima. Alifagia. Tatizo ni kwamba alifagia huku anauliza. Kwa nini hivi, kwa nini si vile, nani alikufundisha, na yeye alifundishwa na nani? Ndipo Redio akapata dawa. Sisi misumari midogo ya kitambaa tunaishika mdomoni, kumi na miwili kwa mpigo. Ulimi unaugeuza mmoja, kichwa kinatangulia nje, mkono mmoja unauchukua, mwingine una nyundo. Redio akamjazia mdomo.

"Sasa tuone ataulizaje," akaninong'oneza.

Tukapata amani. Alijitoboa ulimi, akaviponda vidole gumba vyote viwili, wala hakuwahi kusema kesho sirudi. Mchana wenzake tukila, yeye yuko juu ya robota la kitambaa anaandika. Nilimchungulia: kila ukurasa ulikuwa na mstari katikati. Kushoto aliweka tuliyosema, kulia aliyoyaona. Hakuyachanganya kamwe. Mimi nikisimulia jambo nalichanganya lote, ndiyo raha yake. Lakini nilimvulia kofia. Inataka moyo kumsikia mtu unayempenda akisema hivi, kisha ukaandika kwamba umeona vile.

Kumbe sisi wajanja kwa kumfunga mdomo tulikuwa tumemfumbua macho.

Hapa lazima nikueleze habari ya mjomba wangu. Mkataji wetu wa vitambaa ni kaka wa marehemu mama yangu. Ndoa yangu ilipovunjika nikatoka na mfuko mmoja wa nguo, yeye ndiye aliyenipa kigoda na sindano, akasema, "Lia ukishona, usilie umekaa bure." Mkasi wake haukosei. Lakini kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na sisi tulimficha. Nilihamia meza yake. Akipima, nasoma namba za futi ya kupimia kwa sauti, kana kwamba ni mazoea tu. Akigeuka kunoa mkasi, naipitia chaki yake upya. Mwenyewe hajui, tulijiambia. Bosi ndiyo kabisa, asijue. Angejua, kigoda kingeondoka siku hiyo hiyo, na mjomba wangu bila kigoda ni mzee wa kukaa kitandani akingoja kuitwa kula.

Mwezi wake wa sita kwetu, Dodoso akaniita stoo ya vitambaa. Akafungua daftari, upande wa kulia.

"Dada, soma hapa."

Nikasoma: *Vipimo hutajwa kwa sauti pale tu mkataji mzee akiwa mezani. Asipokuwepo, watu hupima kimya. Nimehesabu siku ishirini. Kumi na tisa ilikuwa hivyo.*

Nikaufunika ukurasa kwa kiganja. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Futa. Nakuomba, mdogo wangu, futa."

Hakubisha. Akauchana ukurasa taratibu, akanipa mkononi. "Msiporuhusu, halimo," akasema. Ndipo nikamsimulia yote mwenyewe, na machozi juu. Alinisikiliza bila kugusa kalamu.

Mwezi uliofuata Bosi akanunua mashine ya kupiga pini. Si mtu mbaya Bosi, ni mtu wa hesabu tu. Siku hiyo nilikuwa ofisini kwake, nimepiga magoti nyuma ya kochi lake narekebisha mshono, akamwita Dodoso. Mimi alinisahau, mtu akikuona mgongo tu kila siku anakuona kama fanicha.

"Hii mashine inafanya kazi ya mtu," akasema. "Napunguza fundi mmoja. Wewe miezi saba unaandika nani anafanya nini. Niambie nani mzigo, au nipe daftari nisome mwenyewe."

"Siwezi, Bosi."

"Barua yako ya kukaa hapa nimetia saini mimi."

"Najua."

"Nikiifuta, chuoni watasemaje?"

"Nianze upya, mahali pengine."

"Miezi saba?"

"Yote. Waliniambia kwa sababu niliwaahidi. Nikikupa wewe, mimi si mtafiti tena. Ni mpelelezi mwenye cheti."

"Basi leo ndiyo mwisho wako hapa."

Akatoka. Nilipofika karakana alikuwa ameshaaga, akimwachia kila mtu shukrani na Redio nyundo yake. Hakusema kwa nini anaondoka. Niliyesema ni mimi.

Mjomba akaweka mkasi mezani. "Amefukuzwa kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako kivipi, Mjomba?"

"Mimi sioni, mpwa wangu. Kitambaa nakikata kwa vidole. Nilimwambia mwezi wake wa pili hapa, nikamwapisha asiwaambie ninyi, msije mkaanza kunionea huruma."

Redio akaiweka chini nyundo aliyoachiwa.

"Mjomba," nikasema, "namba tunazitaja kwa sauti kwa nini, unafikiri?"

"Nilidhani mna kelele tu, kama watu wote wa siku hizi."

Hapo nikaelewa uzito aliobeba yule binti. Siri ya mjomba alikuwa nayo, siri yetu alikuwa nayo, zimelala mkoba mmoja, wala hakuiruhusu moja iisikie nyingine ikikohoa. Sisi watu wa familia moja tumefichana jambo moja, meza moja, miaka miwili! Mgeni ndiye aliyejua kwamba wote tunajua. Mimi ningelitangaza kabla ya chai.

"Nishike mkono," mjomba akasema. "Twende kwa Bosi."

"Mjomba, atakutoa."

"Akinitoa, ametoa aliyemtafuta. Yule mtoto wa watu hawezi kupoteza mwaka wake akilinda macho ambayo hayapo."

Nikamshika. Mlangoni kwa Bosi niliyesita ni mimi, si yeye. Akasimama mbele ya meza, akasema maneno manne: "Fundi asiyeona ni mimi."

Bosi akamtazama, akanitazama, kisha akageukia kochi lake, lile nililokuwa nimelipigia magoti asubuhi. "Hili alikata nani?"

"Mimi. Mikono yangu, macho ya huyu."

Bosi akapitisha kiganja kwenye mshono wa mkono wa kochi, mbele na nyuma, anatafuta kosa. Alitafuta sana.

"Kwa hiyo ninyi wawili mnafanya kazi ya mtu mmoja," akasema mwishoni.

"Ya mmoja mzuri sana," mjomba akajibu.

"Basi nitawaandika fundi mmoja, kwa mshahara wa mmoja na nusu. Nilitaka kupunguza mmoja, nimeshapunguza."

Ilitugharimu, sikatai, mshahara wa mmoja na nusu si wa wawili. Lakini kigoda kilibaki. Nami, kwa kuwa ulimi wangu haujui kwao, nikauliza, "Na yule binti, Bosi?"

Akakuna kidevu. "Mtu aliyenikatalia mimi siri zenu, hawezi kuwapelekea washindani wangu siri zangu. Mwambieni arudi."

Akarudi Jumatatu. Hakufungua daftari. Alisimama mbele ya mjomba, sote tukisikia, akaomba upya: je, anaruhusu habari ya macho yake na namba zetu iandikwe, kwa majina ya bandia, mtu yeyote asimjue?

"Nisomee kwanza yote uliyoniandika," mjomba akasema.

Akasoma. Kazi zikasimama, nyundo zikalala. Akasoma jinsi mjomba anavyokisikiliza kitambaa kikikatwa, jinsi anavyogeuza kipande kwa kidole cha mwisho, mambo ambayo nimekaa naye meza moja nisiyaone. Mjomba aliinamisha kichwa, akisikiliza maisha yake kama mtu anayekagua mshono wa mwenzake. Kisha akainua mkono.

"Hapo kwenye mkono wa kochi la daktari. Umesema nilikata sentimita sitini na mbili."

"Ndivyo nilivyosikia ikitajwa, Mjomba."

"Walitaja sitini na mbili. Nilikata sitini na mbili na nusu, maana sponji ile ilikuwa ngumu." Akanigeuzia uso, anatabasamu. "Hiyo nusu iandike, binti."

Akaiandika, upande wa kulia.