Kofia za Kwenda Hospitali

Katika kanisa letu, upande wa weusi wa mji, hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda hospitali peke yake, wala hakuna aliyeruhusiwa kwenda amevaa ovyo. Sheria hiyo aliiweka Dada Vernell Gaddis, mkuu wa Kamati ya Wasindikizaji, nasi tuliishika kama tulivyoishika saa ya ibada. Mtu akiugua, wawili wetu tulimsindikiza tukiwa na kofia zetu za Jumapili na glavu nyeupe, naye mgonjwa akiwa ameoga, amechana nywele, amevaa nguo iliyo bora kuliko zote alizonazo.

Asiyeijua Alabama huenda akacheka. Sisi hatukuwa na la kuchekea. Lucius, kaka yake Vernell, alikwenda hospitali moja kwa moja kutoka kiwanda cha mbao, ovaroli yake imejaa vumbi, mkono ameushikiza kifuani. Pale mapokezi walisema amelewa, wakamwamuru akae pembeni mpaka pombe imtoke. Lucius hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alikata roho juu ya kiti cha plastiki.

Baada ya mazishi Vernell alisimama mbele ya kanisa, akasema, "Wakituona wachafu, wanatuita walevi. Tukilia, wanasema tunatafuta vidonge vya kulevya. Basi tutakwenda kwao namna ambayo hawatapata pa kuanzia."

Na ilifaa, haki lazima isemwe. Mzee Hosea Crume alipopooza upande mmoja, alipokewa mara moja kwa sababu daktari alimdhania askofu. Alipona, na kwa muda mrefu baadaye alitutaka tumwite Baba Askofu.

Danita alikuwa mjukuu wa Vernell, na Vernell ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuku, msichana mcheshi, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume salama, na wiki ilikuwa haijatimia vizuri alipompigia bibi yake simu asubuhi ya Jumamosi. Zamu ilikuwa yangu na Vernell, tukaenda pamoja.

Tulimkuta ameketi kitandani, pazia limefungwa, kichwani kitambaa, mwilini gauni la njano la nyumbani lenye madoa ya maziwa. Jirani alikuwa amekwisha kumchukua mtoto.

"Bibi, kichwa kinapasuka. Vidonge havisaidii kitu. Halafu naona vimulimuli, hata nikifumba macho."

"Pole, mwanangu. Amka uoge."

"Twende hivi hivi tu, Bibi."

"Hivi hivi? Na gauni hilo? Wataliona gauni, wewe hawatakuona."

"Hata taa ya bafuni inaniumiza macho."

"Basi oga gizani. Dada Cora, nipigie pasi hiyo suti ya buluu."

Danita alishika ukuta, akasimama. "Siku nikifa, Bibi, utaniambia kwanza nikanyooshe kola."

"Naam. Tena uinyooshe vizuri."

Tulicheka sote watatu, na mimi nikaendelea kupiga pasi.

Miguu yake ilikuwa imevimba kama unga ulioumuka. Vernell alimvika soksi nyeusi za nailoni, akizivuta polepole, kisha akaisukuma miguu ndani ya viatu kwa msaada wa kijiko. Danita aliuma mdomo. Uso nao ulikuwa umejaa, hasa chini ya macho. Vernell akaupaka poda mpaka ukalingana, akamvika na kofia. Alipomaliza, msichana alikuwa mzuri kiasi kwamba hata mimi, niliyeiona miguu ile, nilisahau kidogo kwamba ni mgonjwa.

Njiani Vernell alimgeukia. "Wakikuuliza maumivu ni kiasi gani, usiseme kumi. Anayesema kumi wanamwona mwongo. Sema sita. Na useme tafadhali."

"Na kama ni kumi kweli?"

"Kumi ya mtu mweusi hawaijui pale. Sema sita."

Muuguzi wa mapokezi alikuwa msichana wa kizungu, umri wa Danita, mwenye tabasamu. "Jamani, mmependeza! Mnatoka harusini?"

"Tunatoka nyumbani," Vernell alisema. "Huyu ni Bibi Danita Gaddis. Amejifungua wiki hii. Kichwa kinamuuma sana na anaona vimulimuli."

"Haya, Danita, mpenzi. Kutoka moja mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"

Danita alimtazama bibi yake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo hakuyaruhusu kuanguka.

"Sita. Tafadhali."

Muuguzi alimpima shinikizo la damu juu ya mkono wa koti, bila kumvua. "Presha imepanda kidogo. Mama mpya, hulali usingizi, si ajabu. Keti hapo, daktari atakuja." Hakumwambia avue viatu.

Tuliketi. Vernell aliketi wima, mkoba juu ya magoti. Danita, katikati yetu, aliketi wima vilevile, kama alivyofundishwa, mikono imelala juu ya suti ya buluu.

Ndipo mlango ulipofunguka kwa kishindo, akaingia msichana wa kizungu mwenye nywele timutimu, amevaa pajama zenye picha za bata na ndara za nyumbani. Mumewe alikuwa amembeba mtoto mchanga. "Kichwa changu!" alipiga yowe. "Nakufa! Fanyeni kitu, nyie!" Akaongeza na tusi ambalo sitaliandika.

Muuguzi aliruka kutoka kitini. Hakumuuliza ni sita au ni kumi. Alimshika kiuno, akampeleka nyuma ya pazia, nasi tukamsikia akisema, "Vua ndara, mpenzi, niione miguu. Mwiteni daktari! Sasa hivi!"

Vernell alilitazama pazia lile kwa muda mrefu. Mkono wake ulipanda, ukainyoosha kofia iliyokuwa imenyooka tayari.

"Dada Vernell," nilimnong'oneza, "simama useme."

"Tumekwisha kusema."

"Sema tena. Piga kelele."

"Sisi hatupigi kelele, Cora. Wanangoja tupige."

Daktari alipofika kwetu, alizungumza akiwa amesimama. Alimtazama Danita kutoka kofia hadi viatu. "Unaonekana vizuri kabisa, bibie. Ni uchovu. Nitakupa dawa ya kutuliza kichwa, ukapumzike nyumbani."

Danita alisema ahsante.

Tulikuwa hatujalifikia gari. "Bibi, jua," alisema, akaweka mkono mbele ya macho, kisha mwili wake wote ukakakamaa, akaanguka kwenye lami akitikisika. Kofia yake ilibingirika hadi chini ya gari la mtu. Vernell alipiga magoti, akamvua viatu, akazirarua soksi kwa kucha, na sasa alipiga kelele. Alipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa binadamu, na wakatoka wakikimbia.

Walikiita kifafa cha mimba. Walisema humpata mama hata akiwa amekwisha kujifungua, na kwamba mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Danita alifariki Jumapili, saa ambayo kwaya yake ilikuwa ikiimba.

Mwandaa maiti alipoomba nguo, wanawake wa kanisa walikuwa wamekwisha kuisafisha ile suti ya buluu na kuitundika. Vernell alipita mbele yake bila kuigusa. Alileta gauni la njano. Alikuwa amelifua, lakini madoa ya maziwa hayakutoka.

"Dada Vernell, utamzika mtoto na gauni la jikoni?" Dada Pearline alimuuliza. "Watu watasemaje?"

"Aliniomba alivae."

"Lakini—"

"Aliniomba, Pearline. Kwa maneno mazuri kabisa."

Akazikwa nalo. Kwa miezi mingi kamati haikukutana. Wagonjwa walijiendea, wengine hawakwenda. Mimi nilikuwa nikimpelekea Vernell mkate wa mahindi na mboga, nikimkuta amempakata mtoto wa Danita, kofia zake zote zimo ndani ya maboksi sebuleni kama mtu anayehama.

Kisha mjukuu wa Pearline, Shavonne, mwenye mimba kubwa, akaanza kuumwa kichwa. Pearline alinipigia mimi, kwani hakuthubutu kumpigia Vernell, nami nikampigia Vernell. Alikata simu kabla sijamaliza. Nilipofika mlangoni kwa Pearline, nilimkuta Vernell amekwisha kufika, amevaa gauni la kulalia, vibiringisho vya nywele kichwani, ndara miguuni. Shavonne alikuwa akihangaika kufunga vifungo vya blauzi yake nzuri.

"Acha vifungo," Vernell alimwambia. "Vua viatu. Twende."

"Peku, Mama Gaddis?"

"Peku."

Muuguzi alikuwa yuleyule. Sidhani kama alitukumbuka. Pasipo kofia tulikuwa vikongwe watatu tu. "Maumivu ni kiasi gani, mpen—"

Vernell hakumngoja amalize. Aliuinua mguu mtupu wa Shavonne, akauweka juu ya meza ya mapokezi, katikati ya kalamu na karatasi, akaukandamiza kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki katika nyama, lenye kina, halikujaa.

"Tazama," alisema. Kisha akapaza sauti mpaka watu wa mwisho wa korido wakageuka. "Usitazame mimi ni nani. Usitazame yeye ni nani. Tazama mguu huu!"

Msichana yule aliutazama. Tabasamu lilimtoka. Akaita msaada, wakaja na kitanda chenye magurudumu, wakampeleka Shavonne ndani, na Pearline akiwafuata mbio.

Tulibaki wawili mbele ya meza. Vernell alikuwa bado ameunyoosha mkono, akikitazama kidole chake gumba kama kitu alichookota njiani.

"Twende nyumbani, Dada Vernell," nilimwambia. "Sasa wamemshughulikia."

Alikwenda akaketi pale alipoketi siku ile ya Danita, akanionyesha kiti cha pili, akaiacha nafasi moja tupu kati yangu na yeye.

"Tungoje," alisema.