Kiapo cha Shangazi Herminda

Huku kwetu, mjini Bucaramanga, mwanamume akishavaa tai anaitwa daktari, hata kama hajawahi kushika sindano. Bosi wangu, Daktari Fabricio Lizcano, ana tai saba. Ndiye aliyebuni Ngao, programu inayokagua maandishi ya kisheria na kuyabandika makanusho, yaani yale maneno madogo ya chini yanayosema sisi hatuhusiki. Kazi yangu ilikuwa kuiandikia mwongozo. Kurasa thelathini za kuwafundisha watu kuruka lawama!

Sentensi ya kwanza alinisomea yeye mwenyewe, huku akitafuna siafu wa kukaanga, kitafunwa kinachopendwa mjini kwetu.

"Andika, binti: Ngao haibadilishi maana ya maandishi yako."

"Tumeijaribu, daktari?"

"Unalipwa kuandika au kuuliza?"

Nilimdharau, lakini niliandika.

Wiki ileile kampuni ya bima ilimnyima shangazi yangu Herminda mashine ya oksijeni. Mapafu yake yaliishia kwenye kiwanda cha sigara kule Piedecuesta, na siku hizi analala ameketi. Lililobaki lilikuwa tutela, ombi ambalo mtu yeyote hupeleka kwa hakimu akinyimwa haki yake, na hakimu hupewa siku kumi tu kuamua. Shangazi alitaka kwenda kwa Don Olimpo, mzee wa taipureta mwenye meza ya kukunja nje ya mahakama, ambaye ameandikia tutela nusu ya mji.

"Wa nini huyo, shangazi?" nikamwambia. "Tutaandika wenyewe, Ngao ikague. Mwongozo wake nimeandika mimi."

Siku ya tatu baada ya kuipeleka, nikaitwa na karani wa mahakama. Akanisukumia karatasi dirishani.

"Hakimu kairudisha. Mna siku tatu za kurekebisha, la sivyo inatupwa."

Tutela ni lazima iwe na kiapo, na shangazi alikuwa ameapa. Lakini chini ya kiapo chake Ngao ilikuwa imebandika: "Aliyetia saini hathibitishi ukweli wa maelezo ya hapo juu wala hawajibiki nayo."

"Anaapa, halafu anajikana," karani akasema. "Sasa tumwamini yupi?"

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Sikuwa nimeyasoma yale maneno madogo. Tena ni mimi niliyeandika, ukurasa wa kumi na mbili, kwamba hakuna haja ya kuyasoma. Nilijiona mjinga kuliko Lizcano, maana yeye angalau aliipenda mashine yake.

Don Olimpo aliisoma ile karatasi akiwa ameishika mbali na macho.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mashine, Don Olimpo."

"Mashine haina aibu. Nani kaiamini?"

Akaingiza karatasi nyeupe kwenye taipureta.

"Mlete mwenyewe asaini. Na asome kwanza."

Shangazi alikuja kwa teksi, akapumzika mara nne kutoka mlangoni mwa gari hadi kwenye meza. Alisoma, akasaini, ndipo akanigeukia.

"Miaka sabini sijaitwa mwongo, Yamile. Umeniita wewe, tena kwa herufi ndogo."

Nilirudi ofisini nikamweleza Lizcano.

"Kasoro ndogo hiyo," akasema, akichomoa mguu wa siafu kwenye meno. "Itaje kwenye mwongozo, yaishe."

Nikaandika: "Ngao hubatilisha viapo. Usiitumie kwa tutela. Naapa kwamba nimeyaona haya kwa macho yangu. Yamile Ardila." Nikaweka na namba ya kitambulisho changu. Alisoma, akaupitisha mwongozo mzima kwenye Ngao. Chini ya jina langu yakatokea yale yale: mwandishi hathibitishi, mwandishi hawajibiki.

"Umeona?" akasema kwa furaha. "Hakuna tena tatizo."

Jumatatu mafaili ishirini ya mwongozo yalikuwa yapelekwe kwenye ofisi za msaada wa sheria mitaani, wanakokwenda watu kama shangazi yangu. Nikaenda kwa Don Olimpo. Alinipigia taipu karatasi ishirini, kila moja na kiapo changu, nami nikazisaini zote mojamoja. Nikazitoboa matundu, nikazitia mbele kabisa, kabla ya ukurasa wa kwanza. Mafaili yakaondoka.

Mashine ya oksijeni ilifika Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa amri ya hakimu. Nilimkuta shangazi amelala chali, mara ya kwanza tangu mwaka jana, na mpira wa hewa puani. Nilikuwa nimebaki na nakala moja ya ile karatasi, nikampa. Aliisoma neno kwa neno, kisha akapitisha kidole pale chini, kwenye sehemu nyeupe.

"Hapa hakuna kitu?"

"Hakuna, shangazi."

"Wamekufukuza?"

"Jumanne."

Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya mto wake.

"Jikoni kuna arepa za mahindi, bado za moto," akasema. "Leta mbili, ukae nami."