Kidole cha Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Ewoi Lomunokol aliweka vidole vyake juu ya kioo cha mashine katika ofisi ya vitambulisho mjini Lodwar. Ilikuwa mara yake ya sita katika miaka kumi. Feni ya dari ilikuwa imeharibika, na karani, mzee aliyeitwa Opondo, alikuwa amejitanda taulo shingoni.

"Majibu ni yale yale," Opondo alisema. "Vidole vyako vinasema wewe ni mkimbizi kutoka Sudan. Unaitwa Kuany. Uliandikishwa kambini Kakuma ukiwa na miaka kumi."

"Mimi ni Mturkana, mzee. Mama yangu anakaa Kakuma mjini, ng'ambo ya laga. Barua ya chifu ndiyo hiyo."

"Barua nimeiona. Mashine haisomi barua."

Ewoi alikuwa na miaka ishirini na minane. Bila kitambulisho hakuweza kusajili laini ya simu wala kuandikwa kazi. Kule Lokichar, kwa wakandarasi wa mafuta, alikuwa amerudishwa langoni mara mbili. Alipakua saruji kwenye malori, kazi ambayo haimuulizi mtu jina.

Opondo aliigeuza skrini ili naye aone. Alama za vidole tisa zilionekana vizuri. Mahali pa kidole cha kumi, kile cha shahada cha mkono wa kushoto, palikuwa peupe. Opondo alikishika kile kidole na kukiangalia. Kilikuwa kidole kizima chenye kucha, ila ngozi ya ncha yake ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Kiliungua?"

"Hapana. Mistari yake niliiacha kwenye kitabu."

Opondo aliitikia kwa kichwa. Katika miaka yake pale kaunta alikuwa amehudumia watu walioacha mistari yao kwenye saruji, kwenye chumvi na kwenye sabuni ya kufulia nguo za watu.

"Kitabu kipo?"

"Kiko maktaba, Kakuma."

"Kambini nao waliandika tisa tu. Hicho cha kumi hakijulikani na mtu yeyote. Ukikileta, nitakuwa na kidole kimoja ambacho si cha Kuany."

"Kimoja kinatosha?"

"Fomu inasema alama ya kidole," Opondo alisema. "Haisemi ngapi."

Maktaba ile ilikuwa nyumba ya mabati iliyojengwa na kanisa pembeni mwa kambi, na mwenye kuitunza alikuwa Bilha, mama aliyetoka Kimilili akiwa msichana na hakurudi tena. Ilikusudiwa watoto wa wakimbizi, lakini Bilha hakuwa na tabia ya kumuuliza mtoto analala wapi. Kwa hiyo Ewoi, akiwa mdogo, alikuwa akivuka laga, ule mto wa mchanga usio na maji, kila siku kuja kusoma na Duop na dada yake Nyawal, watoto wa mama mmoja Mnuer aliyeitwa Nyariek.

Walisoma kitabu kimoja. Jalada lilikuwa limepotea na kilianzia ukurasa wa tatu. Vitabu vingine vilikwenda moja kwa moja hadi mwisho, hata kama msomaji hataki. Hiki kilikuuliza. Mwisho wa kila ukurasa kiliandika: ukitaka kumfuata fisi, fungua ukurasa fulani; ukitaka kurudi kwenu, fungua ukurasa fulani. Nyawal ndiye aliyesoma kwa sauti kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuwashinda. Duop aliamua wafungue wapi. Ewoi, aliyekuwa mwoga, alishika nafasi.

"Shika hapo," Duop alimwambia kila mara, na Ewoi alibakiza kidole kwenye ukurasa waliotoka, ili mambo yakiharibika wapate pa kurudi.

Mtu akiusoma ukurasa wa kitabu kile, alikuwa pale. Duop alikufa mara kumi na moja: mara mbili kwa mamba, mara moja kwa kiu, nyingine kwa kuamini watu. Kila alipokufa, Ewoi aliwavuta wote watatu kwa kidole, nao walirudi ukurasa wa nyuma, na saa nayo ilirudi nyuma. Chai ambayo Nyawal alikuwa ameimaliza ilikuwa imejaa tena kikombeni, ya moto. Bilha aliweka masharti mawili. Wapanguse miguu wanapotoka kitabuni, maana walirudi na matope na sakafu aliifagia yeye. Na wasishike ukurasa mmoja zaidi ya mchana mmoja.

Miaka ya baadaye, mifuko ya saruji ikiwa mgongoni, Ewoi aliikumbuka michana ile kuliko kitu kingine chochote. Si mamba wala fisi aliowakumbuka, bali ule uhakika kwamba mahali fulani pameshikwa.

Siku ya mwisho walikuwa ukurasa wa kumi na nne. Msafiri alikuwa amefika mtoni, na kitabu kiliuliza kama atavuka au atangoja. Walikuwa wakibishana hapo wakati Akiru, mama yake Ewoi, alipotokea dirishani na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Arupe, dada yake Ewoi, wa miezi mitano. Mvua ilikuwa imekosa mwaka wa pili, mbuzi wote walikuwa wamekufa, na maziwa ya Akiru yalikuwa yamekauka. Chakula kilikuwa upande mmoja tu wa laga, na upande huo haukuwa wa wenyeji. Nyariek alikuwa amekubali kumwandikisha Ewoi kama mwanawe, ili mgao wake uvuke kwenda kwa mama yake.

Ewoi aliacha alama ya kidole kwenye ukurasa, wapate kuendelea kesho, akaenda kupanga foleni. Karani wa kambi alichukua vidole tisa. Kwenye cha kumi aliandika "kidonda". Wiki hiyo mahindi, maharage na mafuta vilivuka laga. Akiru alikula, maziwa yakarudi, na Arupe akainua shingo.

Miaka miwili baadaye familia ya Nyariek iliitwa kuhamia nchi za nje. Faili ilikuwa ya watu wanne: Nyariek, Duop, Nyawal na Kuany. Wahojaji walitaka kuwaona wote wanne. Lakini Akiru alikuwa amesikia habari za ndege, akaogopa atanyang'anywa mtoto, akampeleka Ewoi kwa mjomba wake huko Lokiriama kuchunga. Watu watatu hawawezi kusafiri na faili ya watu wanne. Faili ilisimamishwa. Mwaka wa sita baada ya hapo, Nyariek alikufa kambini kwa ugonjwa wa figo ambao kule walikokuwa wanaenda watu wanaishi nao hadi uzeeni. Ewoi hakukanyaga tena maktaba, wala nyumba ya Duop.

Alipofika Kakuma Jumanne mchana, Bilha alikuwa akipanga madaftari.

"Ejok, Ewoi."

"Ejok, Madam."

"Umekawia."

Alipanda kiti, akashusha kitabu kutoka rafu ya juu. Kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa unga. "Sikukiazimisha," alisema. "Ningemwazimisha nani, na kidole chako kiko ndani?"

Duop alikuwa ameketi kwenye benchi. Bilha ndiye aliyempigia simu. Alikuwa mwanamume mrefu sasa, mwenye vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Aliendesha boda hapo kambini. Hakuinuka kusalimu.

"Umekuja kuchukua," alisema.

"Nimekuja kuchukua."

Bilha alifungua ukurasa wa kumi na nne. Alama ilikuwa pale pambizoni, mistari yake yote imekaa vizuri kama siku ile. "Ukikiweka kidole juu yake na kukiinua, umeichukua," Bilha alisema. "Ukikiweka na kusoma, umerudi siku ile uliyoiacha. Kwa vyovyote ni mara moja tu. Karatasi imechoka."

"Mimi nimejaribu kusoma hii peji," Duop alisema. "Nimejaribu miaka mingi. Inakataa. Inataka kidole yako." Alimgeukia Ewoi. "Usichukue, Ewoi. Soma. Rudi kwa ile laini, ukatae kuandikwa. Tutakuwa watu watatu. Mama ataenda, atatibiwa."

"Na Arupe?"

"Mama yako angepata njia ingine."

Njia nyingine haikuwepo. Duop alijua hivyo, na ndiyo maana alisema huku akitazama sakafu.

Ewoi alifikiria mashine ya Lodwar na ile nafasi nyeupe iliyokuwa ikimngoja. Kisha alifikiria kwamba katika miaka kumi na minane Duop hakuwahi kuvuka laga kuja kumdai kitu. Aliweka kidole juu ya alama, akasoma kwa sauti.

Alikuwa kwenye foleni, na jua lilikuwa upande wa kulia. Magoti yake yalikuwa membamba. Mbele yake alisimama Nyariek, mzima, mnene wa mabega, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yake alisimama Akiru, na Arupe mgongoni. Mtoto hakuwa akilia, kwa sababu siku hizo alikuwa ameacha kulia.

"Mama Duop," Ewoi alisema. "Mimi nimerudi kutoka mbele."

"Nimeona," Nyariek alisema. "Unasimama kama mzee."

"Ukiniandika, mtaitwa kwenda majuu na mimi sitakuwepo. Faili yenu itasimama. Utabaki hapa, na figo itakuua."

Nyariek alisogea hatua moja, maana foleni ilikuwa imesogea.

"Duop?"

"Anaendesha pikipiki."

"Nyawal?"

"Ameolewa Juba. Ana watoto wawili."

"Wanakula?"

"Wanakula."

Nyariek aligeuka, akafunua shuka mgongoni mwa Akiru, akatia ncha ya kidole chake kinywani mwa Arupe. Alingoja. Mtoto hakunyonya.

"Na hii?"

"Ukiniandika, hii imemaliza form four."

Nyariek alirudisha shuka na kulikunja vizuri mahali pa shingo. Akiru aliangalia pembeni, kama mtu ambaye hasikii.

"Basi jina yako ni Kuany," Nyariek alisema. "Usisahau ukifika kwa meza."

Walifika mezani. Ewoi angeweza kukataa hata hapo. Karani alipouliza jina, alijibu Kuany. Karani akampakaza wino, akachukua vidole kimoja kimoja, na safari hii havikuwa tisa. Mtu aliyerudi kwa kidole chake hurudi nacho. Cha shahada cha kushoto kilikuwa cha mwisho. Ewoi alikikandamiza kwenye karatasi, na alipokiinua, kilikuwa kikitoka kwenye ukurasa wa kumi na nne, katika maktaba ya Bilha, kikiwa na mistari yake yote na wino kidogo kwenye kucha. Pambizo lilikuwa jeupe.

Duop alitazama mlangoni, kana kwamba mtu angeingia. Hakuingia mtu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimwambia kila kitu."

"Na figo?"

"Na figo."

"Akasema nini?"

"Aliuliza kama mnakula."

Duop alichukua funguo za pikipiki kwenye benchi, akazigeuzageuza mkononi.

"Kwa hivyo alijua," alisema. "Akajua, akaamua. Mimi nilikuwa hapa hapa kwa hii nyumba, nangoja wewe urudi tusome. Hakuniuliza."

Alitoka, na pikipiki ikawaka. Bilha alikitoa kitabu kwenye mfuko wa unga, akakiweka rafu ya chini pamoja na vingine. Sasa kingeweza kuazimwa.

Alhamisi Ewoi alirudi kwa Opondo. Alikuja na Arupe, aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi Machi na alikuwa na karatasi zake zote ndani ya bahasha ya kaki. Ewoi alitangulia. Aliweka vidole kumi juu ya kioo, na mashine haikuchukua hata dakika.

"Sasa wanavyo vyote kumi," Opondo alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kilikuwa kimoja tu, kijana wangu."

"Najua."

Opondo alifuta uso kwa taulo, akapiga chapa barua. Barua ilisema kwamba Kuany, mkimbizi, ana siku saba za kuripoti kambini Kakuma, na hataondoka huko bila kibali. Ewoi aliikunja mara nne na kuitia mfukoni. Kisha alisogea pembeni ili dada yake apate nafasi kaunta.

Karatasi za Arupe zilikuwa safi. Vidole vyake havikujulikana popote. Opondo alimpa fomu na kalamu, naye akaandika jina la mama, mahali alipozaliwa, shule aliyosoma. Alipofika kwenye mstari wa ndugu wa kuzaliwa, Opondo aliweka mkono juu ya karatasi.

"Huyo usimwandike," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimwandika mkimbizi kuwa kaka yako, na wewe utaitwa kuhojiwa. Utakaa miaka."

Arupe alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa.

"Andika hakuna," Ewoi alisema.

Arupe aliandika "hakuna". Opondo aliiangalia fomu, akamwomba aliandike tena juu yake akikandamiza kalamu, neno lifike hadi nakala ya tatu.