Mkanda wa Shemeji

Alijibatiza mwenyewe jina la Mapafu, na ole wako umwite lingine. Tangu aanze mbio za milimani, chumba cha kushonea cha mkewe kiligeuka ghala la viatu vinavyonuka, na mteja aliyekuja kupimwa gauni alionyeshwa kwanza picha za vilele. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimtazama tu na kusonya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Safari hii mbio zilikuwa za wawili wawili, na mmoja akishindwa, wote wametoka. Mapafu akamkokota shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mzima asiyejua kumkatalia mtu. Kila mkimbiaji alifungwa mguuni mkanda wenye chipu, ili mashine ya kwenye kamba ya mwisho ilie anapopita na waokoaji wajue nani bado yuko juu.

Jioni fundi alisimama kwenye kamba ya mwisho, roho mkononi. Mapafu akatokea peke yake, kifua mbele. Mashine ikalia. Ikalia tena.

"Wawili hao wamefika!" mtangazaji akapayuka. "Mlimani hakuna mtu tena!" Waokoaji wakaanza kufunga virago.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Si yuko nyuma hapo, anajikongoja. Ngoja kwanza nipigwe picha."

Fundi akatia mkono katika mfuko wa kaptula ya mumewe, mfuko wa biskuti alioushona kwa sindano yake mwenyewe. Akautoa mkanda wa pili.

"Nyuma wapi, wewe?"

"Kwenye theluji kule. Kichwa kinamuuma, anatapika, anaongea ovyo. Hewa ya kule si ya kila mtu, mke wangu. Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu! Aibu unaijua wewe?"

Akampokonya mtangazaji kipaza sauti. "Kuna mtu juu! Ndugu yangu yuko juu anakufa, na huyu mpumbavu kaja na mkanda wake mfukoni!"

Waokoaji wakatupa virago, wakapanda mbio. Mapafu akabaki kuwaeleza watu kanuni za mashindano, na jinsi upepo ulivyokuwa mkali. Mkewe hata hakumtukana tena. Alimwonea kinyaa, akajionea kinyaa na yeye mwenyewe kwa miaka yote aliyomfulia soksi.

Kiza kilikuwa kimeshaingia walipomteremsha kwa machela, midomo imemchujuka, vidole havikunjiki. Alikuwa hai. Dada yake akamwinamia, machozi yakimtiririka, mpaka mdogo wake akafumbua macho.

"Shemeji amefika salama?" akanong'ona. "Aliuchukua mkanda wangu, akasema wakiuona watajua pa kunifuata. Usimgombeze, dada. Amekimbia sana kwa ajili yangu."

Fundi akainua uso. Mapafu alikuwa amesimama pale pale, medali shingoni, anatazama chini.

"Haya," akamwambia. "Mjibu."