Ratiba ya Kwenda Ngomeni

Mume wangu ni askari wa magereza, na kwa miaka tisa ya ndoa yetu sijawahi kutoka naye nyumbani bila kuhesabiwa. Si mtu mbaya. Ni mpole, hanywi, hainui mkono. Ila kila tukisimama mlangoni hutugusa mabega mmoja mmoja: mimi, binti yetu wa miaka saba, na mdogo wake wa miaka minne tunayemwita Kifaru kwa jinsi anavyogonga kila kitu. Akimalizia kwa kujigusa mwenyewe, husema, "Idadi imetimia," ndipo anafungua. Majirani hucheka mpaka wanashika mbavu. Mimi kicheko kiliniisha mwaka wa kwanza.

Basi alipopewa Jumamosi moja ya mapumziko, nikamwambia twende tukaione ile ngome ya zamani, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nilitaka siku moja tu watoto wakimbie kwenye nyasi na baba yao akimbie nao, na mimi nijikalie kivulini nile karanga zangu bila kuulizwa niko wapi. Niliitamani siku hiyo mpaka nikaiota.

Jumapili iliyotangulia, mchana, makombo yakiwa bado mezani, akachukua karatasi na rula ya binti yake. Kuiona ile rula tu, nikajua kitakachofuata.

"Saa mbili na dakika kumi, chooni, wote," alisoma huku akiandika. "Saa mbili na nusu, kituoni. Dada mtu anamshika mdogo wake mkono wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Wa kulia nitaushika mimi."

"Kwa hiyo mtoto atakula kwa mguu."

Hakucheka. Alifungua simu akaitafuta ramani ya ngome, akainakili yote: kuta, mnara, ngazi, kisima, vyumba vya chini walimokuwa wakifungiwa watu. Kila pembe akaitia alama. "Lango ni moja tu," akasema, na uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza. "Hapo kazi imekuwa rahisi."

"Baba watoto, tunakwenda kutembea. Hatuhamishi wafungwa."

"Kule kuna ngazi hazina hata pa kushika, mama watoto. Kuna kisima. Mtoto akipotea tutamwambia nani?"

Hapo ndipo anaponinasa siku zote. Nikisema nabanwa, naonekana sijali wanangu. Nikakusanya sahani kwa kishindo ili ajue. Alijitia hamnazo, akaendelea kupiga mistari. Kufika saa nane, siku yangu ilikuwa imekatwakatwa vipande vya dakika kumi kumi, na cha kukaa kivulini hakikuwemo.

"Na karanga zangu?" nikauliza.

"Utakula ndani ya basi."

Nilikuwa nimepigania kutoka kwenye nyumba hii, kumbe nimejiombea ukuta mnene zaidi.

Binti yetu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake muda wote huo, akiifuata kalamu kwa macho.

"Baba, tunaingia wangapi?"

"Wanne."

"Na kutoka?"

"Wanne."

"Ukituhesabu pale langoni ukatupata watatu, unamtafuta aliyebaki au unafunga lango?"

Hakuinua hata uso. "Unafunga kwanza," alisema, vile anavyowajibu askari wapya kazini.

"Haya," akasema mtoto.

Akaenda chumbani. Tulisikia droo ikivutwa. Alirudi na sweta lake, amelikunja vizuri, na juu yake mswaki. Akaviweka mezani kando ya ratiba.

"Hivi nitabeba mimi," alisema. "Kuta za mawe zina baridi. Kifaru asibaki, yeye atalia. Kama ni lazima abaki mmoja, nibaki mimi."

Kalamu ilisimama. Mume wangu alinitazama, akingoja nimsemee, kama ninavyomsemea kwa walimu, kwa majirani, kwa mama yake mzazi. Siku hiyo sikumsemea. Nilikuwa na hasira, tena nilikuwa naogopa, na mimi pia nilitaka kulisikia jibu.

Alishuka kitini akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mwanangu, baba amekosea. Ningekutafuta."

"Kwanza?" mtoto akauliza.

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumdanganya yeyote kuhusu kanuni za kazi. Aliangalia ratiba mezani, akaangalia sweta, ndipo akamrudia mtoto.

"Kwanza," akasema.

Mtoto alimwangalia usoni, kisha akageuka akaniangalia mimi, nimwambie kama ni kweli. Nami, niliyelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka tisa, sikujua.